Hizi si nyumba za serikali: tunavyopanga hapa Lewiston

Familia yetu sisi wa Kongo ikifika Lewiston, hapa jimbo la Maine nchini Marekani, iwe imeshuka ndege kutoka Tanzania au imehamia kutoka Texas ikifuata ndugu, ikishamaliza suala la shule ya watoto huja na swali hili: "Zile nyumba mpya za serikali, mtu anazipataje?" Wananiuliza mimi kwa sababu mbili. Kazi yangu ni ukalimani, kwa hiyo nakaa na familia mezani fomu zikijazwa. Halafu mimi mwenyewe ni mpangaji kwenye nyumba hizo. Nimeona niandike kwa urefu mara moja, mtu asome jioni na mwenzake kwa utulivu, maana jambo hili halielezeki kwenye ngazi za kanisa watu wakiwa wamevaa makoti tayari kuondoka.

Nyumba hizi si za serikali. Zipo nyumba za umma zinazomilikiwa na mamlaka ya nyumba ya mji, na zipo vocha za Section 8, yaani msaada wa serikali wa kulipia pango, lakini hizo ni habari nyingine. Hizi ninazosema zinajengwa na kampuni binafsi au mashirika yasiyo ya faida, na sehemu kubwa ya fedha zake inatokana na nafuu ya kodi, yaani punguzo la kodi inayolipwa serikalini, si pango. Sheria yake ilipitishwa na Bunge la Marekani mwaka 1986, Rais Reagan akaitia saini Oktoba mwaka huo, nayo imo kwenye kifungu cha 42 cha sheria za kodi. Nchi nzima zimeshajengwa au kukarabatiwa nyumba zaidi ya milioni 3 kwa njia hiyo. Hapa kwetu Maine, anayeamua nani apewe nafuu hiyo ni MaineHousing, mamlaka ya nyumba ya jimbo.

Wengi hukwama kwenye swali la jinsi nafuu ya kodi inavyogeuka kuwa matofali na mbao. Tuseme shirika linataka kujenga jengo ambalo gharama zake zinazokubalika, bila kuhesabu kiwanja, ni dola 10,000,000. Likishinda ile nafuu kubwa inayoitwa ya asilimia 9, linapata haki ya kupunguziwa kodi ya dola 900,000 kila mwaka kwa miaka 10, jumla dola 9,000,000. Lakini shirika halidaiwi kodi kubwa namna hiyo, na mafundi hawangoji miaka 10. Kule Kasulu tulikuwa tunaona mkulima mwenye shida ya fedha akiuza mahindi yangali shambani, kwa bei ya chini kidogo ya ile ya mavuno, ili apate hela leo. Ndivyo inavyofanyika hapa. Shirika linaiuzia benki nafuu hiyo yote ya miaka 10, tuseme kwa senti 85 kwa kila dola, na linapata dola 7,650,000 mkononi. Benki inapunguza kodi yake mwaka hadi mwaka. Jengo linabaki na deni dogo, na kwa kuwa deni ni dogo, pango linaweza kuwa la chini.

Kwenye karatasi, kwa kawaida benki au mwekezaji huyo ndiye mwenye asilimia 99.99 ya umiliki kwa miaka ya mwanzo, na shirika lililojenga linabaki na ile 0.01 na kazi yote ya kuendesha jengo. Nawaambia hili kwa sababu linaeleza jambo linalowaudhi sana: ukali wa ofisi. Serikali inaweza kudai nafuu irudishwe endapo masharti yatavunjwa ndani ya miaka 15 ya mwanzo. Mpangaji mmoja akiingizwa bila karatasi kamili, ni doa kwenye hesabu za benki iliyoko mbali, ambayo haijawahi kukanyaga Lewiston. Yule dada wa ofisini anayekuomba slipu ya mshahara kwa mara ya tatu hakuchukii. Naye ana mkaguzi atakayefungua faili lako ukurasa kwa ukurasa.

Sasa niwaeleze kwa nini naupigania mpango huu, pamoja na mzunguko wake wote.

Lewiston ni mji mdogo. Sensa ya 2020 ilihesabu watu kama 37,000. Mto Androscoggin unapita katikati yetu na mji jirani wa Auburn, na kando yake yamesimama majengo marefu ya matofali ya viwanda vya nguo, Bates kikiwa maarufu kuliko vyote. Wafanyakazi wake walikuwa Wakanada wa Kifaransa walioteremka kutoka Quebec, na kwa ajili yao zilijengwa nyumba za mbao za ghorofa tatu na nne, zimebanana, zenye ngazi za nje. Viwanda vilipokufa, watu wakapungua, nyumba zikabaki. Wasomali walianza kuja 2001, na sisi wa Kongo, Waangola na wengine tukafuata. Tukaingia kwenye nyumba zile zile, barabara zile zile zenye majina ya miti: Birch, Walnut, Pine, Ash, Maple.

Ni nyumba za zamani mno. Marekani ilipiga marufuku rangi ya nyumba yenye madini ya risasi mwaka 1978, na nyumba hizi zilikuwa zimepakwa tabaka juu ya tabaka miaka mingi kabla ya hapo. Sisi tulikaa ghorofa ya tatu. Dirisha la chumba cha watoto lilikuwa la kupandisha na kushusha, la mbao, na kila ukilipandisha rangi ilijisaga kwenye fremu na kuacha vumbi jeupe kwenye kizingiti, laini kama poda. Mwanangu wa mwisho alikuwa anajifunza kusimama. Alikuwa anashika kizingiti hicho kwa mikono miwili, anachungulia magari, halafu anatia vidole mdomoni. Nilikuwa nafuta kwa kitambaa kikavu, na siku ya pili vumbi limerudi.

Walimtoboa kidole kliniki, kisha wakatuita tena wachukue damu ya mshipa. Sheria ya Maine ya 2015 ilishusha kiwango cha tahadhari hadi mikrogramu 5 za risasi kwa desilita ya damu, na mtoto aliyefika hapo nyumba yao ilichunguzwa. Mwenye nyumba alikuja na mkebe wa rangi, akapaka juu ya ile ya zamani, akaondoka. Dirisha likaendelea kusaga. Leo kazini nikiwa namtafsiria mama mwingine barua ya majibu ya damu ya mtoto wake, huwa nalazimika kunywa maji kwanza, kwa sababu najua kila mstari unakwenda wapi. Lewiston imekuwa miongoni mwa miji ya Maine yenye watoto wengi walioathirika na risasi. Risasi hailii wala haiwashi. Unaanza kuiona mtoto akiwa darasani, masomo hayashiki.

Moto nao tusiusahau. Mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei 2013, mioto mitatu mfululizo iliteketeza majengo katikati ya mji, na familia nyingi zikalala kwenye makazi ya muda. Baadaye pale Pierce Street paliinuka jengo jipya, Pierce Place, lililojengwa kwa nafuu hii hii ya kodi. Tena 2021 wizara ya nyumba ya serikali kuu, HUD, iliupa mji wetu dola milioni 30 za mpango wa Choice Neighborhoods ili kujenga upya mtaa wetu huu wa barabara zenye majina ya miti. Fedha hizo ni nyingi, lakini hazitoshi kujenga kila kitu, na majengo ya aina hii huunganisha msaada wa namna hiyo na nafuu ya kodi.

Watu huniuliza kwa nini watu binafsi wasijenge tu wenyewe. Hapa ndipo mji mdogo unapoumia zaidi kuliko mkubwa. Portland, mji mkubwa wa jimbo letu, iko mwendo wa kama dakika arobaini kwa gari. Mbao, saruji, bomba na ujira wa fundi umeme vinagharimu karibu sawa huku na kule, maana mara nyingi ni fundi yule yule aliyekuja na gari lake asubuhi. Mishahara ya Lewiston ndiyo iko chini, kwa hiyo na pango ambalo watu wanaweza kulipa liko chini. Ukijenga jengo jipya Lewiston kwa mkopo wa benki mtupu, pango litakalolipa deni hilo hakuna muuguzi msaidizi wala mpakiaji wa ghala atakayeliweza. Pengo ni pana, na nafuu ya kodi ndiyo inayoliziba. Ile ya asilimia 9 ni ya kugombaniwa, jimbo lina kiasi maalumu kila mwaka kulingana na idadi ya watu wake, na Maine tuko wachache, kwa hiyo fungu letu ni dogo. Miradi inapewa alama, na ya Lewiston inapambana na ya Portland, Bangor na kwingine. Ipo nyingine ya asilimia 4 inayoambatana na hati fungani za jimbo, yaani mikopo inayokusanywa kwa wawekezaji. Haina ushindani mkali kama ile, ila inaleta fedha chini ya nusu, kwa hiyo lazima itafutwe nyongeza. Mwaka 2020 Maine iliweka nafuu yake yenyewe juu ya ile ya taifa, dola milioni 10 kwa mwaka kwa miaka minane, na sheria ya taifa iliyotiwa saini Julai 2025 imeongeza fungu la asilimia 9 kwa asilimia 12 na kulegeza sharti la hati fungani kuanzia 2026. Mambo haya hayasomeki kwenye Facebook ya mtu yeyote, lakini ndiyo yanayoamua kama kutakuwa na kreni Lewiston au hakutakuwa nayo.

Tuje kwenye pango, maana ndipo watu wanapodanganyana sana.

Kwenye Section 8 na nyumba za umma, unalipa takriban asilimia 30 ya mapato yako wewe. Mapato yakishuka, pango linashuka. Kwenye nyumba za nafuu ya kodi sivyo. HUD kila mwaka hutangaza mapato ya kati ya familia za eneo la Lewiston na Auburn (nusu zinapata zaidi ya hapo, nusu pungufu), na kutokana na hayo unawekwa ukomo wa mapato na wa pango. Nitatumia namba za mfano ili hesabu ionekane. Tuseme mapato ya kati kwa familia ya watu wanne ni dola 80,000. Kama nyumba imetengwa kwa wenye mapato yasiyozidi asilimia 60 ya hayo, ukomo wa familia hiyo ni 48,000. Nyumba ya vyumba viwili inahesabiwa kama ya watu watatu, na ukomo wa watu watatu ni 43,200. Chukua asilimia 30 yake, gawa kwa miezi 12: dola 1,080. Hilo ndilo pango la juu kabisa linaloruhusiwa, na umeme au joto unalolipia mwenyewe lazima vikadiriwe na kutolewa humo. Kama nyumba imetengwa kwa asilimia 50, hesabu hiyo hiyo inatoa dola 900.

Mnaona tatizo? Mama anayelea watoto peke yake na kuingiza dola 30,000 atalipa 1,080 hizo hizo, ambazo kwake ni zaidi ya asilimia 40 ya mapato. Akipunguziwa saa kazini, pango halitikisiki. Nimeona familia zikilia kwa sababu ziliambiwa "nyumba ya bei nafuu" zikadhani bei itaifuata mifuko yao. Kwa hiyo ukipewa nyumba, uliza kwanza imetengwa kwa asilimia ngapi: 30, 50, 60 au 80. Jengo moja linaweza kuwa na nyumba za viwango tofauti, na tofauti ya mlango na mlango ikawa dola mia kadhaa. Na kama una vocha ya Section 8, kumbuka jengo la nafuu ya kodi haliruhusiwi kukukataa kwa sababu tu una vocha. Vocha ndani ya nyumba hizi ndiyo nafasi nzuri kuliko zote: jengo jipya, na pango linafuata mapato yako.

Kuna upande mwingine unaozifaa familia kubwa kama zetu. Pango linahesabiwa kwa vyumba, lakini ukomo wa mapato unahesabiwa kwa watu. Kwa mfano wangu ule ule, familia ya watu sita inaruhusiwa kuingiza mpaka dola 55,680. Kwa hiyo kila mtoto aandikwe. Mimba nayo inahesabiwa, mama mjamzito ni watu wawili kwenye ukomo wa mapato. Wazazi wetu walitufundisha kutotangaza mimba mapema, nami naheshimu hilo, lakini ofisini ile karatasi ya kliniki inaweza kuwa ndiyo inayowaingiza. Mshahara wa mtoto aliye chini ya miaka 18 anayefanya kazi baada ya shule hauhesabiwi. Ovataimu inahesabiwa, tena wanatazama mapato yanayotarajiwa miezi 12 ijayo, kwa hiyo mume na mke wote wakifanya saa kamili na ovataimu wanaweza kuzidi. Ukiomba kipindi ambacho ghala linatoa saa nyingi za msimu, hakikisha mwajiri anaandika kwenye fomu kwamba saa hizo ni za msimu.

Sasa upatu, au likelemba kama wengi wetu tulivyozoea. Mama mmoja wa Fizi alikuwa mshika fedha wa kundi lake. Tukaketi ofisini, stetimenti yake ya benki ikawekwa mezani, na mfanyakazi akaanza kushuka nayo na kalamu ya njano. Ijumaa: dola mia kutoka kwa huyu, mia kutoka kwa yule, mia, mia, mia. Ijumaa iliyofuata vivyo hivyo. Ukurasa wote ukawa wa njano. Yule mfanyakazi akauliza kwa upole, "Hii biashara yako inaitwaje?" Mama akanitazama mimi, si yeye, akasema kwa Kiswahili, "Mwambie hela hizi si zangu, zinapita tu." Nikatafsiri hivyo hivyo. Kilichotuokoa ni daftari la kundi, lenye majina na zamu ya kila mtu, pamoja na tamko lililotiwa saini na wanakikundi, na stetimenti hiyo hiyo ilionyesha kila fungu likitoka kwenda kwa mwenye zamu. Ilichukua muda, lakini mapato yake yakaandikwa yale ya kazi yake tu. Akina mama, fungueni akaunti tofauti ya upatu, na daftari litunzwe vizuri.

Fedha unayotuma nyumbani haipunguzwi kwenye mapato. Unaweza kuwa unawasomesha wadogo zako wanne Kasulu na kumtibu mama Uvira, hesabu ya ofisi haioni hilo. Hili linaniuma, na sioni dalili ya kubadilika. Shamba au nyumba uliyo nayo kwenu nayo inatajwa kama mali. Watu huficha wakidhani watanyimwa. Sheria hii ya kodi haikunyimi nyumba kwa kuwa na mali. Inachotaka ni mapato yanayotokana nayo, kama unapangisha. Kutaja ni salama, ila ukificha kisha mpangaji wako wa Kigoma akaonekana kwenye stetimenti, hapo faili lako linaharibika.

Wanafunzi wajue kwamba nyumba ambayo kila aliyemo anasoma saa kamili haikubaliki, isipokuwa kwa sababu maalumu, kama wanandoa wanaojaza ripoti ya kodi pamoja au mzazi mmoja na watoto wake. Vijana wawili wa chuo hawawezi kupanga pamoja hivi hivi.

Nimalize na hofu tatu nilizokutana nazo mara nyingi.

Ya kwanza ni ya karatasi za uhamiaji. Kifungu cha 42 chenyewe hakina sharti la uraia, wakati nyumba za umma na Section 8 zina masharti yake. Mwombaji hifadhi mwenye kibali cha kazi na mapato yanayothibitika anaweza kuomba nyumba ya nafuu ya kodi. Uliza tu kama mlango huo umeunganishwa na vocha ya jengo, maana hapo masharti ya vocha yanaingia.

Ya pili ni ya kupandishwa mshahara. Kuna baba alikataa usimamizi wa zamu kwa sababu aliambiwa "ukizidi tu, mnatolewa." Si kweli. Ukomo unakubana siku ya kuingia. Ukishaingia kwa haki, mapato yakipanda baadaye hufukuzwi kwa ajili hiyo. Hata yakizidi sana, zaidi ya asilimia 140 ya ukomo, wajibu unamwangukia mwenye jengo, kwamba nyumba itakayofuata kuwa wazi aipe mwenye kipato cha chini. Wewe pokea cheo, familia ipate kula. Na mkataba wako hauwezi kukatizwa bila sababu ya msingi. Ukipewa barua ya kuondoka isiyoeleza sababu, usifungashe mizigo, tafuta msaada wa kisheria.

Ya tatu ni ya mpwa. Mpwa amefika kutoka kambini, au binamu amehama kutoka Ohio, hana pa kulala, na kwetu hakuna mtu anayemfungia ndugu mlango. Mgeni wa siku chache anaruhusiwa, mkataba unaeleza siku ngapi. Akiwa wa kukaa, nendeni ofisini mapema aongezwe, mapato yake yahesabiwe. Nimeona familia ikipoteza nyumba nzuri kwa sababu ya godoro sebuleni ambalo lingeweza kuandikwa kihalali ndani ya wiki moja.

Kuna mikutano pia. Mradi ukipendekezwa, hupita kwenye bodi ya mipango na mara nyingine kwenye baraza la mji, na watu husimama kuupinga. Wanasema nyumba hizi zitaleta mzigo kwa shule, zitaongeza kodi za wenye nyumba, zitajaza watu wasiofanya kazi. Nimekaa kwenye ukumbi huo nikisikiliza, na mkononi nina orodha ya kazi za majirani zangu: wanaogesha wazee kwenye nyumba za kulelea, wanaendesha mabasi ya shule, wanapakia mizigo usiku, wanasafisha hospitali. Huwezi hata kuingia kwenye nyumba hizi bila kuonyesha mapato ya kulipia pango au vocha. Anayekaa pale analipa kila mwezi. Siku ambazo wetu wanne au watano tu wanajitokeza, wakasimama na kusema kazi zao na barabara wanayoishi, mazungumzo ya ukumbi hubadilika, nimeshuhudia. Mkalimani anaombwa mapema kwa karani wa mji. Nami mara nyingi nipo, niiteni.

Jambo la mwisho ni la foleni. Hakuna orodha moja ya mji mzima. Kila kampuni inayosimamia majengo ina yake, kwa hiyo jaza zote, na jengo jipya likiwa bado linajengwa uliza siku ya kufungua maombi, maana orodha huweza kujaa mara moja. Kisha ukibadilisha namba ya simu au anwani, siku hiyo hiyo wapelekee wote kwa maandishi. Wanatuma barua moja, wanasubiri siku zilizotajwa humo, na usipojibu jina lako linafutwa. Watu wetu wanahama sana wanapotafuta pa kukaa, na barua hizo huenda kwenye nyumba walizozihama. Wiki hii pia nimempigia simu mama mmoja, barua yake ilikuwa kwa shemeji yake Auburn, juu ya friji, na tarehe ya kujibu bado haijapita. Tumejibu jana.